Mikwaruzo Kwenye Jiwe la Hangwe

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeziinua mbingu bila nguzo na kuitandaza ardhi chini ya miguu yetu, akauweka mwezi katika njia yake na makovu yake yote, na akanipa mimi, mtoto wa mkulima wa Kondoa, macho ya kutazama ndani ya jiwe. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Nimemaliza kazi nikiwa na vidole vyote kumi, jambo ambalo si kila aliyeshika msumeno wa mawe anaweza kulisema. Kwa hilo pia nashukuru.

Nimestaafu mwaka huu. Vijana wa karakana waliniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka thelathini na minane ya kazi. Habari za vyeo hawatazipata hapa, kwa sababu nilianza nikiwa fundi na nimemaliza nikiwa fundi. Nitaandika nilivyofundishwa, na nitaandika kosa moja nililolifanya nikiwa nimebakiza miezi mitano niondoke. Wengi wenu mmelisikia nusu nusu, na nusu hizo zinanipendelea. Ni vizuri mlipate lote.

Kazi yangu ilikuwa kuyafanya mawe yawe membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Mjiolojia hurudi kutoka porini na jiwe la ukubwa wa ngumi. Fundi hulikata kwa msumeno wa almasi, akapata kipande cha ukubwa wa kiberiti, akakigandisha kwa gundi juu ya kioo kidogo, kisha akakisaga kwa unga mgumu na maji mpaka kiwe chembamba kuliko unywele. Hapo jiwe linakuwa dirisha. Mjiolojia analiweka chini ya hadubini na kusoma lilivyozaliwa na yaliyolipata baadaye. Yeye ndiye anayesoma. Kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba anachosoma kimeandikwa na jiwe.

Maneno hayo si yangu. Ni ya Mzee Ndahani, Mgogo wa Mvumi, mzee wa kanisa, aliyenipokea karakana ya Dodoma siku yangu ya kwanza. Nilikuja nimevaa shati jeupe. Aliniangalia kuanzia kola mpaka viatu.

"Umekuja kazini au umekuja kuposa?"

"Nimekuja kazini, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi vua hilo. Chukua ndoo."

Wiki nzima ya kwanza sikugusa jiwe. Niliosha. Tulikuwa na mabamba ya kioo kizito, kila bamba kwa aina yake ya unga: wa chenga kubwa kwa kuanzia, wa kati, na wa mwisho ulio laini kama poda ya mtoto. Kutoka unga mmoja kwenda mwingine lazima uoshe bamba, uoshe kipande, uoshe mikono, uoshe na kucha.

"Umeosha?" angeuliza Mzee Ndahani bila kugeuka.

"Nimeosha, mzee."

"Osha tena."

"Mzee, ni pasafi."

"Pasafi kwa nani? Chenga moja ikibaki hapo itakuandikia uongo juu ya jiwe, na mtu mwenye shahada atausoma kwa sauti. Osha tena."

Wiki ya pili alinifundisha kusaga. Kidole kimoja nyuma ya kioo, mkono mwepesi, na mwendo wa namba nane. Huendi mbele na nyuma kama anayepiga pasi. Unachora nane, unaigeuza, unachora tena, ili hata kama mkwaruzo utatokea usiwe na mwenzake wa kufuatana naye. Nilichora nane mpaka nikawa nazichora kwa kijiko ndani ya kikombe cha chai. Mke wangu, tulipooana, alidhani ni dhikri.

Wenzangu waliniita Ustadh, kwa sababu nilisoma chuo cha Kurani kabla ya shule ya serikali, na kwa sababu nilikuwa na mkeka wangu nyuma ya kabati la unga. Mzee Ndahani hakuwahi kunizuia kuswali. Alinizuia tu kuacha msumeno ukizunguka wakati nakwenda kutawadha, na hapo alikuwa na haki.

Habari za kreta, yaani yale mashimo ya mviringo mnayoyaona usoni mwa mwezi, nilizipata kwake kwa sababu ya kalenda iliyotundikwa karakana. Ilikuwa na picha ya mwezi uliojaa mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilimwambia, nikijivuna na kidato changu cha nne, kwamba yale ni mashimo ya volkano. Nilifundishwa hivyo shuleni. Kesho yake alikuja na unga wa mahindi ndani ya mfuko, akachukua karai, akajaza mchanga, akasawazisha, juu yake akaweka tabaka la majivu, na juu ya majivu unga mweupe. Akanipa gololi.

"Angusha."

Niliangusha kutoka usawa wa bega. Gololi ilizama, unga ukaruka pande zote, na kuzunguka shimo ukabaki ukingo. Juu ya unga mweupe kulikuwa na miale ya majivu meusi.

"Meusi yalikuwa wapi?" aliuliza.

"Chini."

"Sasa yako wapi?"

"Juu."

"Ndiyo hivyo. Cha chini kimetupwa juu ya cha juu. Ukifika kwenye shimo porini, kwanza tazama ukingoni kama matabaka yamepinduliwa. Volkano haipindui matabaka hivyo."

Aliniambia kwamba gololi ni mchezo tu wa kuanzia akili. Mawe ya angani huja kwa mwendo ambao risasi ni konokono mbele yake. Jiwe likiigusa ardhi kwa mwendo huo halipati nafasi ya kusimama polepole; nguvu yote linaiachia pale pale, kwa kufumba na kufumbua. Ardhi inasukumwa chini na pembeni, kisha inatupwa nje. Jiwe lenyewe mara nyingi huyeyuka au hugeuka mvuke, kwa hiyo anayechimba katikati ya kreta kubwa kulitafuta anajichosha.

"Na kama limekuja kwa upande?" niliuliza. "Shimo si litakuwa refu kama mtaro?"

"Ungeuliza hivyo kama ni jembe. Huu ni mlipuko. Mlipuko hausukumi upande mmoja. Labda lije limelala kabisa, karibu na kuikwaruza ardhi, ndiyo shimo linarefuka. Vinginevyo ni duara."

Yale makubwa mno, alisema, sakafu yake hurudi juu katikati na kubaki kilima, kama maji ya beseni yanavyoruka juu pale tone lilipoangukia. Na mwezi umejaa makovu kwa sababu hauna mvua wala upepo wala mito. Kilichopigwa leo kitaonekana vile vile kwa vizazi visivyohesabika. Dunia nayo imepigwa kama mwezi, lakini sisi tuna mvua, mizizi, mchwa na majembe, na ardhi yenyewe inajisogeza. Dunia inafuta. Kwa hiyo shimo la mviringo peke yake halithibitishi kitu. Ushahidi mmojawapo unaodumu umo ndani ya punje za kwatzi, yale madini meupe kama chumvi ya mawe. Pigo la namna ile hupita ndani ya punje na kuacha mistari iliyonyooka, myembamba mno, inayofuatana kama mistari ya daftari. Volkano haiwezi kuiacha.

"Umewahi kuiona?" nilimwuliza.

"Kwenye masomo, nilipopelekwa nje. Kwa jiwe la huku kwetu, bado."

Aliupanguza unga uliobaki, akaurudisha kwenye mfuko, akaenda nao nyumbani. Sijui mkewe alipika nini, na sikuuliza.

Katika miaka iliyofuata watu wengi walituletea vitu walivyodai ni vimondo. Karibu vyote vilikuwa masalia ya wafua chuma wa zamani. Mzee mmoja wa Bahi alileta tonge la chuma alilolifunga kwenye khanga, akasema liliangukia zizi la babu yake kwa kishindo. Nilipolisafisha likatokea na namba ya kiwanda. Lilikuwa kipande cha mashine ya kusaga. Nilimwonyesha ile namba kwa adabu. Akaitazama muda mrefu, akasema huenda na huko juu wana viwanda. Alifunga khanga yake, akaondoka akiwa na imani kamili.

Mzee Ndahani alistaafu, akaenda Makutupora kulima zabibu, na huko ndiko tulikomzika. Karakana ikabaki mikononi mwangu. Mashine mpya zilikuja, zikaharibika, zikasubiri vipuri, na kila zilipokuwa zinasubiri vipuri mabamba ya kioo yaliendelea na kazi. Ninaweza kusema bila kiburi, na Mungu anajua, kwamba kwa miaka ile yote hakuna mjiolojia aliyenirudishia kipande akisema hakifai. Nilikuwa nalisema hilo mara nyingi. Sasa naona nililisema mara nyingi mno.

Mwaka wangu wa mwisho alikuja Neema, binti wa Miyuji, mjiolojia mpya aliyetoka chuo kikuu. Alitembea haraka, aliongea haraka, na alikula mhogo wa kukaanga juu ya ramani. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kijiji kimoja cha wilaya ya Chemba, nitakachokiita Hangwe. Wenyeji wake ni wakulima na wafugaji wanaozungumza ile lugha yenye sauti za kugonga ulimi, na Kiswahili chao ni cha pili. Hangwe hakukuwa na maji. Wanawake walitembea hadi korongoni kufukua mchanga, wakasubiri maji yajikusanye, wakachota kwa kikombe. Mtambo wa kuchimba kisima kirefu ulikuwa unapita wilayani, na Hangwe walipangiwa tundu moja. Likitoka kavu, mtambo unakwenda kwingine. Neema alitakiwa kuchagua mahali pa tundu hilo.

Karibu na kijiji kuna shimo kubwa la mviringo, pana kiasi kwamba mtu aliye ng'ambo unamwona kama mbuzi, lenye ukingo ulioinuka. Neema aliliona, na moyo wake ukaenda mbio. Alinieleza mezani kwangu, akichora kwa chaki. Kama ni kreta ya kimondo, basi mwamba chini yake umepondwa vipande vipande hadi chini sana, na mwamba uliopondwa unashika maji. Tundu lichimbwe katikati. Kama si kreta, basi ni bonde tu la mwamba uliochakaa, udongo wa mfinyanzi juu na mwamba mzima chini, na katikati ndipo mahali pabaya kuliko pote.

"Ustadh, nipe kipande kimoja tu Ijumaa," alisema. "Barua ya kuonyesha mahali inatakiwa wiki ijayo."

"Kipande kizuri kinataka siku mbili, binti yangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mwingine."

"Mwingine yupi? Niko peke yangu."

"Ndiyo maana," alisema, tukacheka.

Ijumaa hiyo saa sita kasoro nilikuwa bado nasaga. Adhana ilikaribia. Nilikuwa na siku nzima ya Jumatatu kama ningemwomba, lakini nilitaka kumaliza na nilitaka kuwahi safu ya kwanza. Kwa hiyo niliosha bamba mara moja, si mara mbili. Na mwisho mwisho, mkono ukiwa umechoka, nilisaga mbele na nyuma. Dakika chache tu. Nikampa kipande bila hata kukifunika kwa kioo cha juu, nikaenda msikitini. Niliharakisha kazi ya watu kwa ajili ya swala, nikadhani siku hiyo nimepata thawabu mara mbili.

Jumatatu nilisikia kelele ofisini. Neema aliita kila mtu kwenye hadubini. Nami nikatazama. Ndani ya punje ya kwatzi kulikuwa na mistari iliyonyooka, myembamba, inayofuatana kama mistari ya daftari. Nilisema Allahu akbar, na nilimaanisha. Nilimkumbuka Mzee Ndahani aliyeingoja maisha yake yote. Wenzake walianza kumwita Neema Mama Kimondo. Mkuu wa kitengo alimpa mkono. Barua ikaandikwa: tundu lichimbwe katikati ya shimo.

Siku tatu baadaye nilikuwa nasaga jiwe la kujengea, la fundi mwashi aliyetaka kujua kama litavumilia mvua. Nilikiweka kipande chini ya hadubini kukagua unene. Nikaona mistari iliyonyooka, myembamba, inayofuatana.

Nilikaa chini. Jiwe lile lilitoka kwenye machimbo ninayoyajua, na hakuna aliyewahi kudai kwamba palipigwa na kitu chochote isipokuwa baruti. Nililipitisha dole gumba juu ya bamba la unga laini, nikaikuta chenga kubwa imejichimbia kwenye kioo, imekaa kama jino.

Nilikwenda kwenye kabati la Neema, nikachukua kipande cha Hangwe. Njia ya kujua ni rahisi, vijana, na iandikeni ukutani. Mstari wa kweli umo ndani ya punje. Ukizungusha kirekebishi cha hadubini kushuka chini polepole, unashuka nao. Mkwaruzo uko juu tu. Ukishuka kidogo, unapotea. Na mstari wa kweli unaishia kwenye mpaka wa punje yake, wakati mkwaruzo hauheshimu mipaka. Nilizungusha. Ikapotea. Nilisogeza kioo. Mistari ilivuka punje ya kwanza, ikaingia ya pili, ikaendelea hadi kwenye gundi. Hakuna kimondo kilichowahi kupiga gundi yangu.

Nitasema na lililonijia moyoni, kwa sababu nimeahidi kusema lote. Lilinijia kwamba hakuna atakayejua. Mtambo utachimba katikati, tundu litatoka kavu, na watu wa Hangwe watasema ni mapenzi ya Mungu. Watu wetu ni wepesi kulisema hilo, na mimi ningekuwa wa kwanza kuitikia amina. Mawazo hayo yalikaa nami muda wa kunawa mikono. Kisha nikaogopa sana, si kwa ajili ya jina langu. Niliogopa kumbebesha Mola wangu kosa la bamba lisilooshwa.

Nilimkuta Neema anakula mhogo.

"Shikamoo, Ustadh. Mbona uso huo? Kuna msiba?"

"Marahaba. Njoo utazame kitu."

Nilimwonyesha jiwe la mwashi kwanza, sikumwambia ni la wapi.

"Hii nayo ni Hangwe?" aliuliza. "Nzuri kuliko ile!"

"Ni la msingi wa nyumba."

Nikaweka kipande chake, nikamwachia kirekebishi azungushe mwenyewe. Alikizungusha chini, juu, chini tena. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamejaa.

"Ustadh, unaniua."

"Ni mkono wangu, binti yangu. Niliharakisha."

"Na mimi sikuzungusha! Kitu cha kwanza tulichofundishwa, na sikuzungusha. Nilitaka iwe kweli." Alijifuta kwa kiganja chenye mafuta ya mhogo. "Nimeshamwambia mpaka mama yangu. Ameshaitangazia kwaya nzima."

"Barua imefika wapi?"

"Imekwenda. Wanakijiji wamefyeka katikati. Mtambo unakuja wiki ijayo." Kisha akasema, kwa sauti niliyoipenda tangu siku hiyo, "Mawe ya Hangwe yamebaki mangapi?"

"Manne."

"Tuyakate yote."

Mkuu wa kitengo alipoelezwa aliniita pembeni. Ni mtu mzuri, simlaumu. Alisema, "Ustadh, umebakiza miezi mitano. Hatuwezi kusema tumepata mashaka tu? Lazima tuseme ni mikwaruzo?"

"Tukisema mashaka watachimba pale pale kwa matumaini," nilimjibu. "Tukisema mikwaruzo watahamisha."

Aliandika barua ya kusimamisha.

Nililitupa bamba lile na kutoa jipya. Siku nne tulisaga, mimi na Neema, bega kwa bega. Nilimfundisha namba nane. Vidole vyake vilichubuka, akavifunga plasta, akaendelea. Nilipomwambia osha tena alinijibu pasafi, nami nikamjibu kwa maneno ambayo hayakuwa yangu. Ijumaa ilipofika niliweka zana chini mapema, nikafunga karakana, nikaenda kuswali bila kukimbia, nikarudi kuendelea. Mnaona, muda ulikuwepo. Vipande vyote vinne vilitoka safi kama maji, na ndani yake hamkuwa na mstari hata mmoja. Lilikuwa jiwe la kawaida la nyanda hizi, kongwe na zima, halijapigwa na chochote. Neema alipekua picha zake za ukingo na kukiri kwamba hakuna tabaka lililopinduka. Shimo la Hangwe limechongwa na mvua na kuoza kwa mwamba, kwa subira.

Tulikwenda Hangwe siku mbili kabla ya mtambo. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea kwa uso mgumu. Watu walikaa chini mbele ya ofisi ya kijiji. Neema alisimama.

"Niliwaambia tuchimbe katikati. Nilikosea. Katikati ni mwamba mzima, maji hakuna."

Minong'ono ilipanda. Mwenyekiti akasema, "Mama, tumefyeka. Tumepeana zamu ya kulinda vigingi vyako mbuzi wasiving'oe. Leo unasema ulikosea?"

Niliinuka. "Mwenyekiti, yeye alisoma nilichomwandikia mimi. Jiwe nililisaga vibaya. Mkono uliokosea ni huu." Nikauonyesha, kwa sababu sikujua la kufanya nao.

Mbele kulikuwa na bibi mmoja mwembamba, Bibi Gawa, aliyekuwa anajulikana kwa kwenda korongoni kabla ya wote. Alisema jambo kwa lugha yao, na ulimi wake ukagonga kama vijiti. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakutaka kutafsiri, ila Neema alimbana.

"Anasema mlichukua mawe yetu mkaenda kuyahoji Dodoma. Yamesema nini?"

"Mwambie yamesema hakuna kilichoanguka hapa," nilijibu.

Bibi akajibu, wakacheka zaidi. Mwenyekiti naye safari hii alicheka. "Anasema hilo hata mngemwuliza yeye angewaambia. Amezaliwa hapa na hajasikia kishindo."

Neema alichuchumaa mbele yake. "Shikamoo, bibi. Basi nikuulize wewe. Wakati wa kiangazi kikali, wapi hapa udongo ni wa baridi?"

Bibi aliitikia salamu. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mbuzi wanajua. Wanalala kule." Akanyoosha kidole nje ya shimo kabisa, chini ya kilima.

Tulikwenda. Palikuwa na mikuyu mitatu na vichuguu vimejipanga kwenye mstari ulionyooka, kama vimepandwa kwa kamba. Neema alipiga mwamba kwa nyundo huku na huku, akapima kwa dira, akapanda, akashuka, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Kulikuwa na ufa mrefu ulioukata mwamba na kupita chini ya vichuguu vile. Hakuniuliza mimi kitu, na hakutakiwa kuniuliza. Alipigilia kigingi.

"Una hakika?" mwenyekiti aliuliza.

"Sina," alisema. "Lakini hapa nina sababu tatu, na nimezitazama mara mbili mbili."

Mtambo ulianza asubuhi. Kijiji kizima kilikuja na ndoo, jambo lililonitia hofu, maana ndoo tupu inatazama. Vumbi lilitoka jekundu, halafu la kijivu, halafu jeupe, likaendelea kuwa jeupe. Adhuhuri ikafika. Niliswali pembeni, nikarudi, bado jeupe. Mwendesha mtambo alimtazama Neema. Neema akamwambia, "Endelea." Baada ya muda akamtazama tena. "Endelea," akasema, safari hii bila kumwangalia. Sikuwa na dua mpya. Nilirudia zile zile.

Alasiri vumbi lilibadilika, likawa zito, likaacha kupeperuka. Kisha likatoka tope. Kisha bomba likakohoa, na maji yakaruka, machafu kama chai ya maziwa, na watoto wakapiga yowe. Tulisubiri yasafike. Mwenyekiti alimsukuma Bibi Gawa mbele aonje wa kwanza. Alikinga kiganja, akanywa, akayatema. Akakinga tena, akanywa, safari hii akameza, akafikiri.

"Yana chumvi," alisema. Akakinga mara ya tatu. "Kidogo. Leteni ndoo."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lisiloharakia furaha yake lenyewe. Akusitiri aibu zako, na pale ambapo kuzisitiri kutawanyima wengine maji, akupe kifua cha kuzisema. Abariki kazi yako na watakaoitegemea bila kukujua jina. Amina.